Mkalimani Aliyechemsha Maneno

Mahali pake palikuwa nusu hatua nyuma ya anayesema, upande wa kushoto. Hakusimama sambamba na mhubiri, wala na chifu, wala na mzee anayepeleka posa. Mikono aliifunga mgongoni, sikio akaliinamisha, na macho akayatupa juu ya vichwa vyetu kuelekea mashamba ya chai. Sisi watu wa kanisa letu, hapa juu kidogo ya Boito, tulimwita Mkalimani. Hata wajukuu zake walimwita hivyo.

Ningependa kusema ninaandika ili kumsifu. Kusema kweli ninaandika kwa sababu nilimkosea, na kuna mtu mwingine niliyemkosea zaidi yake, na tangu wakati ule sijapata mahali pa kuitua aibu hii. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Mtoto akidanganya huwa namsimamisha mbele ya wenzake mpaka aseme kweli. Sasa nimejisimamisha mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa ya Jumapili, ya harusi na ya misiba. Kanisani kwetu tuko watu wa aina mbili. Kuna sisi Wakipsigis wenye vipande vya chai na ng'ombe wawili watatu, na kuna jirani zetu Wakisii, waliokuja kuchuma majani kwenye mashamba makubwa, wakakaa, wakafungua vibanda, wakazaa na kuzika hapahapa. Bibi zetu Kiswahili hawana. Jirani zetu nao wana Kikipsigis cha sokoni: salamu, bei, na majina ya mboga. Mzee akianza kuzungumza kwa lugha ya wazee, wao huacha kumtazama mzee, humtazama Mkalimani mdomoni.

Na mdomo ule ulikuwa na siri, ambayo sisi wenye lugha zote mbili tuliijua na kuipenda. Hakutafsiri yote.

Mhubiri mmoja alitujia kutoka Nairobi, kijana wa suti inayong'aa. Akafoka kwa Kiswahili kwamba kina mama wa kanisa hili ni wasengenyaji, wanapika pombe ya chang'aa, na Mungu atawakaushia ng'ombe. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho, akameza mate, akawaambia bibi zetu kwa Kikipsigis: "Mgeni wetu anasema amependa sana chai yenu, na anawaombea ng'ombe wenu." Bibi wakapiga vigelegele. Mhubiri akadhani wametubu, naye akatoa leso akafuta machozi. Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Baada ya ibada nilimwuliza kama haogopi. Alikuwa akitafuna kipande cha tangawizi, dawa yake ya koo.

"Madam," alisema, "maneno ni maziwa. Mgeni humpatii mabichi. Unachemsha kwanza."

Siku nyingine kijana wetu alikuwa anaoa binti wa Kisii. Mjomba wa kijana, mtu wa mdomo mchafu, aliuliza kwa Kikipsigis kama watu hawa wamewahi kumiliki hata mbuzi. Mkalimani akawageukia wazazi wa binti. "Mjomba anauliza mifugo iko salama?" Baba wa binti akainuka kwa heshima, akajibu kwamba iko salama, na anashukuru kwa kuulizwa. Ndoa ile sasa ina watoto wanne, na wawili nimewafundisha mimi. Utamlaumu kwa hilo? Mimi sikumlaumu.

Lakini usidhani alikuwa mtu laini. Pale sentaa ya majani, kituo cha kuuzia chai yetu, kabla ya kupimiwa, kila mkulima humwaga gunia lake mezani akalichambua. Majani mawili na kichipukizi hubaki, majani magumu hutupwa chini. Wengi wetu tunachambua ya juu tu, tukiomba karani awe na haraka. Yeye alichambua mpaka ya chini kabisa, na akimaliza yake alihamia yako bila kualikwa. "Madam, hii ni ya ng'ombe," aliniambia mara moja mbele ya foleni nzima, akininyanyulia jani mpaka usoni. Nilichukia wiki mbili.

Nyumbani ndiko ulimi wake haukuwa na breki hata kidogo. Mwanawe wa kwanza alimwita mvivu mbele ya wakwe, na kijana akahamia Ndanai, akarudi kwa misiba tu. Mkewe, mama mcheshi mwenye sauti ya chini, aliwahi kuniambia tukiwa tunachuma: "Kama angekuwa ananitafsiria mimi vile anatafsiria watu, ningekuwa mwanamke mnene sana."

Nilimtania Mkalimani kuhusu hilo. Akasema maneno yake ni yake, anaweza kuyatupa anavyotaka, lakini maneno ya mtu ni mzigo wa kubebewa, na mzigo wa mtu haumwagwi.

"Lakini wewe unamwaga nusu," nikamwambia.

"Namwaga sumu tu."

Alilisema akitabasamu, na mimi nikatabasamu. Nilimwona mwema. Tulimwona mwema sote, na ninadhani kuna raha fulani tuliyoipata kwa kuwa na mtu wa kutufanyia wema huo, sisi tukibaki tumekaa.

Kisha akafa nesi wetu mstaafu. Alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa hapa, wa kwetu na wa jirani zetu, kwa hiyo mazishi yake ya Ijumaa yalijaza uwanja. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na nilikuwa nikirekodi kila kitu kwa simu ili nimtumie binti yake aliye ng'ambo. Mahubiri yalipokwisha, Mheshimiwa mbunge akaingia na magari yake. Akapewa maikrofoni. Mkalimani akaenda mahali pake, nusu hatua nyuma, upande wa kushoto.

Mheshimiwa alisema kwa Kikipsigis cha ndani, kile cha wazee. Alisema pale sentaa majani magumu hutolewa kwenye gunia kabla ya kupimwa. Akasema kura ndiyo mzani wetu, na gunia letu limejaa majani magumu kutoka Kisii. Akasema asiyetoka mwenyewe atolewe; vibanda vyao mnavijua, na kiberiti kila nyumba iko nacho.

Vijana wa nyuma walicheka. Sisi wengine tulitazama viatu vyetu. Nilimwona Mkalimani akimeza mate mara mbili.

"Mheshimiwa anasema tupeleke majani safi sentaa," alisema kwa Kiswahili. "Anasema nesi alikuwa wetu sote. Na anawashukuru majirani wetu wa Kisii kwa kuja kutufariji."

Wakisii wakapiga makofi. Mama Nyaboke, aliyekuwa na kibanda cha mboga karibu na lango la shule yetu, alipiga kuliko wote, mikono yake miwili juu. Mwandishi wa habari kijana aliyetoka mjini, asiyejua Kikipsigis, alirekodi Kiswahili peke yake akarudisha kifaa mfukoni. Na Mheshimiwa, ambaye Kiswahili anakijua vizuri kabisa, alimgeukia Mkalimani akatabasamu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kununua sukuma wiki kwa Mama Nyaboke. Alikuwa akiikata huku anaimba.

"Madam, Mheshimiwa aliongea poa jana," aliniambia.

"Aliongea, eeh," nikajibu. Nikapokea mboga, nikaenda nyumbani kupika.

Jumapili baada ya ibada nilijifungia jikoni nikasikiliza ile rekodi. Nilisikiliza mara moja, kisha nikaifuta. Ningependa kuandika kwamba nilitishwa. Hakuna aliyenitisha. Niliogopa tu kuwa mtu mwenye kitu kama kile kwenye simu, mtu ambaye siku moja ataulizwa. Binti wa marehemu nilimwambia simu ilijaa, sikurekodi hotuba za mwisho.

Jumatatu alasiri vijana walichoma kibanda cha Mama Nyaboke na chumba cha nyuma alichokuwa akilala. Walichoma na vingine vitatu. Hakufa mtu. Mama Nyaboke alikuwa ameshatoka salama, akakumbuka vyeti vya shule vya binti yake, akarudi ndani. Vyeti aliviokoa. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kiwiko, na vidole havijawahi kujikunja tena. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amehamia Kedowa kwa dada yake.

Jumapili iliyofuata Mkalimani alikaa kwenye benchi katikati ya waumini. Mchungaji alimwita mara mbili, akatikisa kichwa. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amekwenda Kedowa, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akampata Mama Nyaboke, akamwambia mwenyewe. Nilimwuliza alimwambia nini.

"Yote," akasema. "Mabichi."

"Naye alisema nini?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Ikafuata kesi. Mheshimiwa alishtakiwa kwa kueneza chuki pale mazishini. Kabla hajafikishwa mbele ya hakimu akasimama bungeni na kuyasema maneno yaleyale ya gunia na majani magumu, safari hii kwa Kiswahili na kwa sauti, akidai anawatetea watu wake. Mimi si mwanasheria, lakini hila yenyewe hata mtoto wa darasa langu angeielewa. Mbunge hashtakiwi kwa alilosema ndani ya Bunge, ana kinga. Wakili wake akasema maneno hayo yamesemwa bungeni tu, hayajasemwa kwingine. Na mazishini je? Mazishini alishukuru majirani. Rekodi ya mwandishi wa habari hii hapa, sikilizeni.

Waliomshtaki wakaliomba Bunge limvue kinga. Kamati ya wabunge ikatumwa kwetu, ikae katika ukumbi mjini Bomet, imsikilize yeyote aliyekuwako. Kama ingeonekana kwamba aliyasema uwanjani kwanza, kinga ingeondolewa na kesi ingeendelea. Kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya mazishi yale.

Mkalimani alikuja kwangu shuleni wakati wa mapumziko.

"Madam, wewe ulikuwa unarekodi."

"Simu iliharibika, mzee."

Alinitazama. Kwa kawaida alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, lakini siku hiyo alinitazama machoni.

"Sawa. Basi utasema kwa mdomo. Mimi nitaanza, wewe unifuate. Nikiwa peke yangu watasema ni mzee anaropoka. Tukiwa wawili, hiyo ni ushahidi."

"Nitafuata," nikamwambia. Nilimaanisha wakati nikisema.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mheshimiwa alikaa mbele na wakili wake, miguu ameinyoosha. Rekodi ya Kiswahili ikachezwa, na sauti ya Mkalimani ikatoka kwenye spika, tamu na ya upole, ikiwashukuru majirani. Kisha yeye mwenyewe akaitwa. Alivaa koti lake la harusi za watu. Alisimama pale alipoonyeshwa, na kwa mazoea akasogea nusu hatua nyuma. Ilibidi mwenyekiti amwambie asonge mbele, leo anayesema ni yeye.

Alisema. Aliyarudia maneno ya Mheshimiwa moja baada ya jingine, kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiswahili, bila kuondoa kitu. Sikuwahi kumsikia akitafsiri hivyo.

Wakili akainuka polepole.

"Kwa hiyo siku ya mazishi ulidanganya umma?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwongo?"

"Ndiyo."

"Umeanza lini?"

"Siku nilipewa maikrofoni."

Watu wakacheka, na wakili akacheka nao. "Mwenyekiti, mzee huyu anatuambia amekuwa akigeuza maneno maisha yake yote. Na leo tuamini hajageuza?"

"Msiniamini peke yangu," Mkalimani akasema. "Uwanja ulikuwa umejaa. Ulizeni wengine."

Mwenyekiti alitazama ukumbi mzima. "Yuko mwingine aliyesikia?"

Mkalimani hakugeuka kunitafuta. Ningeweza kujitetea kidogo kama angenitazama, ningesema alinishurutisha, nikakasirika. Alibaki akitazama mbele, akanipa nafasi yote. Nilijua watu wasiopungua thelathini mle ndani waliokuwa mazishini. Niliona visogo vyao vyote. Nikainama, nikafungua mkoba, nikatafuta leso ambayo sikuihitaji. Nilitafuta mpaka mwenyekiti akasema, "Haya, tuendelee."

Kamati iliandika kwamba shahidi ni mmoja, na shahidi huyo amekiri kwa kinywa chake kuwa hugeuza maneno. Kinga haikuondolewa. Kesi ikafa. Siku habari zilipotufikia, magari ya Mheshimiwa yalipita barabara yetu yakipiga honi, na vijana walikimbia nyuma yake mpaka kwenye kona.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni dakika ile ya kutoka ukumbini. Mkalimani alinikuta nimesimama kando ya ukuta. Niliandaa maneno: nimekosa nguvu, nilitetemeka, nisamehe.

"Madam, umekula?" aliniuliza.

Akangoja kidogo, akavaa kofia yake akashuka ngazi.

Baada ya hapo walimfanyia yale wanayofanyiwa watu kama yeye. Vijana walimwita msaliti. Sentaani, akimwaga gunia lake, watu wa kulia na kushoto walisogeza yao mbali, akawa anachambua peke yake katikati ya meza, mpaka ya chini kabisa, kama zamani. Kanisa lilipata mkalimani mwingine, kijana msomi anayetafsiri kila neno, na matusi pia. Mimi niliendelea kumsalimia Mkalimani. Nilimsalimia kwa bidii, kila siku, huku nikivuka barabara.

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, nikasikia miguu imemvimba na hatoki tena. Nilijilazimisha nikaenda. Nilibeba sukari na mkate. Mkewe alinifungulia, akanionyesha chumba cha mbele, na pale, kwenye kiti cha chini karibu na kitanda chake, alikuwa amekaa Mama Nyaboke akimenya viazi. Kiazi alikuwa amekikandamiza gotini kwa mkono ule usiojikunja, kisu kikiwa katika mkono wa kushoto. Huja kutoka Kedowa kila mwezi, mke wa Mkalimani aliniambia, na siku hiyo hupika yeye.

Tulisalimiana. Aliniuliza habari za shule. Chai ya maziwa ikaletwa, ya moto, na nikaishika tu bila kunywa. Mkalimani alikuwa amepungua sana, lakini tangawizi ilikuwa bado inanukia. Nikaona nisipoyasema leo nitayasema kaburini kwake, yeye akiwa hanisikii. Basi nikayasema, kwa Kikipsigis, ili Mama Nyaboke asielewe. Hata toba yangu niliitafutia pa kujificha.

"Mzee, ile simu haikuharibika. Ilikuwa nzima. Niliifuta ile sauti mwenyewe, Jumapili ile, kabla ya moto."

Alifumba macho. Mama Nyaboke alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Anasema nini huyu Madam?"

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu, kwa kuwa nimekuja kusema kweli. Nilitumaini. Nilimtazama mdomo, kama wale bibi walivyomtazama, kama Mama Nyaboke mwenyewe alivyomtazama siku ya mazishi. Mdomo ule ulikuwa umeokoa wengi. Alihitaji tu kusema, anasema pole, anasema ametukumbuka sana, nami ningekunywa chai yangu nikarudi nyumbani.

Mkalimani alifumbua macho. Akameza mate.

"Mimi hiyo kazi niliacha," akasema kwa Kiswahili. "Madam ni mwalimu. Kiswahili ako nacho."

Nikaweka kikombe chini.

"Mama Nyaboke," nikasema, "maneno ya Mheshimiwa siku ile niliyasikia yote. Alisema mtolewe. Alisema juu ya kiberiti. Nilikuwa nayo kwenye simu. Jumapili nikafuta. Jumatatu wakakuchomea."

Hakulia, wala hakunitukana. Aliweka kisu ndani ya sufuria, pamoja na maganda, akaufuta mkono wa kushoto kwenye leso aliyojifunga. Ule wa kulia ulibaki gotini.

"Kwa hivyo Jumamosi ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Jumamosi ulikuja kwangu ukachukua sukuma."

"Ndiyo."

"Nikakuongezea."

"Ndiyo, Mama. Uliniongezea."

Aliwaza kidogo, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Na ulipokuwa unaenda, ukageuka ukaniuliza kama Jumanne nitakuwa na nyanya."

Nilikuwa nimelisahau. Naapa nilikuwa nimelisahau kabisa, na alipolisema nikaisikia sauti yangu mwenyewe pale langoni, nyepesi, ya mtu mwenye haraka ya kwenda kupika.

"Nikakuambia nitakuwa nazo," akasema.